Njumu Mezani kwa Mwinjilisti

Mwezi uliopita tulimzika Lidia pale Nanyala. Wakati wasifu wake unasomwa nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, miguu imekufa ganzi, nikiwa na huzuni ya kweli kama mtu yeyote aliyefiwa na rafiki wa usichana wake. Msomaji alikuwa shemeji yake, mwanamume mwenye sauti ya kupanda na kushuka, na malori ya kwenda Tunduma yalikuwa yakipita barabarani mfululizo, kiasi kwamba kila mara alilazimika kunyamaza na kungoja. Akasoma alikozaliwa, akasoma shule, ndoa na watoto. Kisha akasema, "Marehemu alilipenda Neno la Mungu tangu usichana wake. Alipokuwa darasa la kipaimara, mwinjilisti aliwataka vijana walete kila mmoja kitu anachokithamini kuliko vyote. Marehemu alileta Biblia yake." Waombolezaji wakaguna kwa kuridhika, namna watu wanavyoguna msibani wakisikia jema. Mimi machozi yalinikauka palepale. Niliinua macho nikaitazama meza ndogo yenye picha yake na maua ya plastiki, na kando ya picha, imevalishwa kitenge cha bluu kilichochujuka, Biblia ilikuwepo. Kona yake ya chini, iliyochungulia nje ya kitenge, ilikuwa imeungua. Kona ile niliiunguza mimi, kwa koroboi, nyumbani Iyula, kabla sijajua kama kuna mtu duniani anaitwa Lidia.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipotolewa Iyula kuja kukaa kwa mama mdogo Tunduma, nisome na kumsaidia kwenye mgahawa wake. Nilitoka mahali ambapo sauti kubwa ilikuwa ya watu kuitana kutoka shamba hili la kahawa hadi lile, nikatua mahali ambapo injini hazizimwi. Mgahawa ulikuwa karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nyuma ya jiko kilikuwa chumba changu, ambacho nusu yake ilikuwa ya magunia ya unga na maharage. Ukuta mmoja ulikuwa wa moto daima kwa sababu upande wa pili ndiko lilikokuwa jiko la kuni, na nguo zangu zote zilinuka vitunguu na dagaa wa kukaanga. Mwalimu wa hesabu aliniita Chakula cha Mchana. Kupitia ukuta huo nilisikia kila kitu. Madereva walikula ugali na maini wakasimuliana habari za Kapiri na Lubumbashi, wake walionao na wake wasiotakiwa kujuana, mzigo uliolala mpakani mpaka ukaoza. Nilijifunza Kibemba cha kuuliza bei na cha kutukana, kwa mpangilio huo. Mama mdogo akinikuta nimetegesha sikio alikuwa akisema, "We Yusta, masikio hayajazi tumbo, njoo usonge ugali."

Mama mdogo alikuwa mwema. Nalisema mapema kwa sababu ya yatakayofuata. Alinilisha vizuri, hakunipiga, alinishonea sare mpya. Lakini alikuwa mjane asiye na mtoto katika mji wa watu wanaopita, na kanisa ndilo lililokuwa limempa jina. Pale alikuwa mweka maua, mpokea wageni, mwenyekiti wa akina mama wa mtaa wetu. Siku za wiki alivaa kanga mbili zilizopauka, Jumapili akatoka amenyooka hata mimi nikawa namwogopa kidogo.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa kanisa, Mnamwanga mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na Lidia alikuwa binti yake. Tulikuwa rika moja. Kwao wageni walikuwa hawaishi, basi akahamia kulala chumbani kwangu, kitanda kimoja, kichwa chake upande wa magunia. Ndani ya mwezi mmoja tulikuwa hatuachani. Tulichota maji pamoja, tulifua pamoja, tuliingia darasa la kipaimara pamoja. Lidia alikuwa na siri moja, akanipa mimi. Mama yake alikuwa amevuka mpaka zamani akaolewa upya huko Zambia, na nyumbani kwao jina lake halikutajwa. Mama huyo aliwahi kumtumia wigi, nywele ndefu nyeusi zenye mawimbi, zimefungwa ndani ya fulana, kwa mkono wa binamu. Lidia aliificha kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya gunia la maharage. Tukiwa peke yetu aliivaa, akakaa kitandani akijitazama kwenye kioo. Nilidhani ni urembo. Siku moja akaninusisha, akasema, "Bado ina mafuta yake. Aliivaa kwanza yeye."

Mimi nilikuwa na njumu. Mwalimu mmoja kijana alikuwa ameanzisha timu ya mpira wa miguu ya wasichana, jambo lililowachekesha walimu wenzake mpaka walipotuona tukicheza. Nilikuwa winga. Iyula nilikuwa nimezoea kukimbia kwenye mteremko nikiwa na debe kichwani, sasa nipe uwanja tambarare na mikono mitupu, nani ataniweza? Ng'ambo, Nakonde, kulikuwa na mama mmoja muuza mitumba, Bana Chanda, na kwenye rundo lake niliona njumu nyeusi zenye ulimi mwekundu. Sikuwa na cha kununulia. Akanitazama mikono akaniuliza kama najua kusuka. Nilimsuka yeye, nikasuka binti zake, nikasuka majirani zake, Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka vidole vikafa, na mwishowe akanirushia njumu kifuani akisema nimezistahili. Nilivuka mpaka nimezivaa shingoni. Sijawahi tena kupata kitu kwa furaha ya namna ile, na nimepata vitu vingi tangu hapo, nyumba ikiwemo.

Mwinjilisti wetu alikuwa mtu mchangamfu, mfupi, mwenye baiskeli aliyoifunga kwa kufuli mbili mlangoni mwa kanisa, na hata akifumba macho kuomba alisimama mahali anapoweza kuiona dirishani akiyafumbua. Tulimcheka kwa hilo. Siku hiyo alitufundisha somo la hazina na moyo, kwamba ukitaka kujua moyo wa mtu ulipo, tafuta anachokificha wezi wasikione. Alifundisha vizuri mno. Mpaka leo sijasikia mhubiri aliyelieleza neno lile kwa wepesi vile. Mwisho akasema, "Ijumaa kila mmoja alete kitu anachokithamini kuliko vyote. Aweke mezani, aseme kwa nini. Nataka ukweli, sitaki maigizo." Nilimwamini. Pengine hapo ndipo kosa lilipoanzia, lakini kumwamini mwinjilisti halikuwa kosa wakati ule.

Siku ya Alhamisi jioni mimi na Lidia tulikuwa nyuma ya jiko tukiosha sufuria za mchana, zile kubwa za kuingia mpaka mabegani. Nilimwambia nitapeleka njumu. Akasugua sufuria, kisha akasema, "Na mimi nitapeleka ile." Nikamuuliza kama ana hakika, baba yake akisikia je? "Mwinjilisti amesema anataka ukweli," akasema. "Nimechoka kuificha kwenye kopo kama kitu nilichoiba. Ila tuwe wote, Yusta. Wewe ukianza, mimi nafuata." Tukapeana mikono ya mapovu. Tukajizoeza na maneno. Mimi nikasema, "Nikizivaa hizi najiona mtu kamili." Akasema hayo ni maneno mazuri, angetamani angeyawaza yeye. Kesho yake tukiwa tunajiandaa akaniomba Biblia yangu, kwamba ya kwao imechukuliwa na mgeni na anataka kupitia sura ya somo njiani. Nikampa. Nilikuwa nimeivalisha ukurasa wa gazeti la michezo wenye picha ya mchezaji aliyekatwa kiunoni, inaonekana miguu tu na mpira.

Mezani kwa mwinjilisti zilikuwa zimepangwa Biblia. Sioni namna nyingine ya kulieleza. Kila aliyeitwa alikwenda mbele akaweka Biblia, akasema ni taa yake, ni silaha yake, ni chakula chake. Kijana mmoja aliweka Biblia ya Kibemba ya babu yake, na sote tulijua Kibemba hakijui hata cha salamu. Mwinjilisti alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilitazama zile Biblia zikiongezeka nikaanza kusikia joto masikioni, maana niliona wazi kwamba wenzangu walikuwa wameelewa jambo ambalo mimi, na masikio yangu yote, sikulielewa. Lakini nilikuwa na Lidia. Nikaitwa. Nikatoa njumu kwenye mfuko, nikaziweka juu ya meza, nikasema maneno yangu. Darasa lilicheka kwanza. Mwinjilisti hakucheka. Alizisogeza pembeni kwa ncha ya kidole, mbali na Biblia, akasema, "Asante kwa kutuonyesha, Yusta. Sasa wote mmeona sanamu inafananaje."

Halafu akamwita Lidia. Alitembea polepole, hakunitazama. Akafungua mfuko wake akatoa Biblia yangu. Ukurasa wa gazeti alikuwa ameugeuza ndani nje, miguu ya mchezaji isionekane, lakini kona iliyoungua ilikuwa palepale, ikinitazama. Mwinjilisti akamuuliza kwa nini. Akasema kwa sauti nyembamba, "Nikiishika hii najiona mtu kamili." Mwinjilisti alifunga macho, hata baiskeli akaisahau. Akasema katika darasa lote hajasikia jibu linalotoka moyoni kama lile. Mimi nilikuwa bado nimesimama, maana hakuna aliyeniambia nikae. Watu huniuliza kwa nini sikusema neno, na watu hao ni mimi mwenyewe, nimejiuliza miaka mingi. Ningesema nini? Kwamba Biblia ile ni yangu, na mimi mwenye Biblia ndiye niliyeleta viatu?

Tulikutana nyuma ya jiko, kwenye sufuria zilezile. Alianza yeye kulia. "Ulitaka niweke wigi pale? Baba angeichoma, Yusta. Sina kingine cha mama." Nikamwambia angeniambia mapema, basi, nisingemlazimisha. "Nilipanga kuleta," akasema. "Niliichukua. Ilikuwa mfukoni. Nilipoona wanavyokucheka mkono ulishika Biblia." Sikumwamini, kwa sababu gazeti lilikuwa limegeuzwa kabla hatujaingia darasani. Mtu hageuzi gazeti kwa bahati mbaya. Akasema atanirudishia Biblia. Nikasema akae nayo, nikakausha mikono nikaondoka. Nilisema kwa hasira, nikitegemea atakataa. Hakukataa.

Mwinjilisti akaja kumwona mama mdogo. Walizungumza mgahawani juu ya chai, nami nilisikia yote kupitia ukuta wangu wa moto. Alisema si adhabu, ni msaada. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakaribia, binti azitoe njumu kama sadaka kwa hiari yake, moyo wake utafunguka, ndipo awekewe mikono ya kipaimara pamoja na wenzake. Mama mdogo aliitikia, "Ndiyo, mwinjilisti," kwa kila sentensi. Alipoondoka, mama mdogo alikuja chumbani akakaa juu ya gunia, akanishika goti. "Usilie. Unajua mnada wa mavuno unavyokwenda. Wewe toa. Mimi nitainua mkono, nitazinunua, nitasema nakuzawadia wewe. Nani atapinga? Kanisa limepata, na wewe umepata." Kweli ndivyo ilivyokuwa desturi. Baada ya ibada vitu vyote vilivyotolewa vilinadiwa nje, na mtu aliweza kununua mkungu wa ndizi akamzawadia mama mchungaji, au kikapu cha mayai akakirudisha kinadiwe tena, watu wakashangilia. Nilimkumbatia mama mdogo. Mechi yetu na wasichana wa Nakonde ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata.

Jumapili ya mavuno, nje ya kanisa, vumbi lilinuka kahawa na kuku. Mnadi alikuwa baba yake Lidia, maana hakuna aliyemzidi kwa maneno. Aliuza mahindi, aliuza maboga, akauza kitenge kipya cha bluu, na mzee mmoja aliyekinunua akasema anamzawadia Lidia, binti aliyelipenda Neno kuliko vyote. Vigelegele vikapigwa. Akakivishwa mabegani. Kisha zikaja njumu zangu, zimeshikwa kwa kamba, zinaning'inia. "Hizi zimetolewa na binti aliyeshinda dunia," akatangaza, na watu wakacheka kwa upole, nami nikageuka kumtazama mama mdogo. Alikuwa amesimama pamoja na akina mama wenzake. Mwenyekiti. Akina mama walikuwa wakizitazama njumu namna mtu anavyotazama chura. Nikaona mkono wake ukianza kupanda, ukafika kwenye kilemba, ukakirekebisha kilemba, ukashuka. Dereva mmoja aliyekuwa anapita tu, ametoka kula kwetu asubuhi hiyo, akainua mkono akazichukua. Alisema ni za mtoto wake huko Ndola. Baada yake akaja jogoo, mwekundu, mkali. Mkono wa mama mdogo ukapanda wote mpaka juu. Akamnunua, akasema anamzawadia mchungaji, akapigiwa vigelegele kuliko Lidia.

Tulirudi nyumbani. Akanipakulia wali na nyama, vipande vingi, vile vya wateja. "Nilishindwa, mwanangu," akasema. "Wale wanawake ndio watakaonizika." Nimemkasirikia mama mdogo miaka mingi, lakini sentensi ile siku zote nimeikuta inasimama kwa miguu yake. Alijua hazina yake ilipo. Aliisema kwa mdomo wake, mbele yangu, juu ya sahani ya wali, ilhali mezani kwa mwinjilisti, mbali na mimi, hakuna aliyesema. Na walimzika kweli, wale wanawake, walimzika vizuri sana.

Jumamosi ya mechi nilikuwa nasonga ugali. Kelele za uwanjani zilifika mpaka jikoni. Mwalimu alikuwa amesema nije hata peku, nami nikakataa. Niliwekewa mikono na wenzangu, nikiwa nimesimama kando ya Lidia kwa sababu tulipangwa kwa urefu. Chumbani tulilala mgongo kwa mgongo mpaka mwaka wa shule ulipokwisha, nikarudi Iyula. Sikucheza tena. Jambo ambalo limeniumiza kuliko mpira ni hili: sikusema tena kwa mtu yeyote ninachokipenda. Nimeulizwa na mume, nimeulizwa na watoto, nimeulizwa kwenye mafungo ya akina mama, wewe unathamini nini zaidi? Nami hujibu haraka, Neno la Mungu. Nampenda Mungu, sisemi uongo. Lakini nalisema kama mtu anayeweka Biblia mezani ili asogezwe upande salama, na nadhani Mungu analijua hilo na haimpendezi.

Baada ya maziko tulikula. Binti wa kwanza wa Lidia, Tumaini, alinitafuta mpaka akanipata nimekaa nyuma ya nyumba na sahani yangu. Ana uso wa mama yake, hata namna ya kutazama chini anapoomba kitu. Alikuwa ameishika ile Biblia kwa mikono miwili. "Mama mkubwa, wewe ulikuwepo siku ile. Nisimulie." Nikamwomba niione kwanza. Nilitegemea kuikuta mpya. Nakiri nilitaka iwe mpya, kurasa zimeshikana, ili niondoke Nanyala na hakika kwamba hakuisoma. Ilikuwa imechakaa. Mistari yangu ya penseli, ile ya usichana, ilikuwa michache pale mwanzoni, na baada yake ilifuata ya kwake, ya wino, ya rangi, kitabu baada ya kitabu, pembeni kumejaa majina ya watoto wake aliowaombea. Zaburi zilikuwa zimelegea kwa kufunguliwa. Alisema uongo mbele ya meza ile, kisha akakaa miaka yote akiufanya uwe kweli. Hata hiyo aliichukua kwangu, haki ya kumwita mnafiki. Nilikaa na sahani mapajani, chakula kinapoa, nikimwonea Lidia hasira mpya kabisa, na yeye yuko chini ya udongo mbichi.

"Mama alisema siku ile nyote mlipeleka Biblia," Tumaini akasema. "Alisema hata wewe. Ila ya kwake ndiyo mwinjilisti aliisifu."

Basi nilikuwa nimefutwa. Mimi na njumu zangu hatukuwahi kuwepo. Nikamtazama yule mtoto aliyefiwa, macho mekundu, nikajua jibu analostahili siku ya kumzika mama yake, na nikajua kwamba nikilitoa jibu hilo nitakuwa nimekwenda mbele ya meza ile mara ya pili.

"Mimi nilipeleka njumu," nikamwambia. "Njumu za mpira, zenye ulimi mwekundu. Na hiyo uliyoishika ni Biblia yangu. Nilimwazima mama yako asubuhi ile. Angalia chini ya kitenge."

Hakubisha. Alikaa chini kando yangu, akalegeza uzi kwa ukucha taratibu, akakunja kitenge upande mmoja. Gazeti lilikuwepo, la manjano kama jani la mahindi, limegeuzwa ndani nje. Akaliinua ukingo. Miguu miwili na mpira. Aliitazama, kisha akalirudisha gazeti, akakivuta kitenge mahali pake na kukilainisha kwa kiganja. Halafu akaninyooshea Biblia.

"Hapana, kaa nayo," nikasema, na safari hii sikusema kwa hasira. "Ni ya mama yako, ameisoma. Nilitaka tu mtu mmoja ajue."

Tumaini aliiweka mapajani. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Ulikuwa unacheza namba ngapi, mama mkubwa?"

"Winga," nikamwambia. "Wa kulia. Nilikuwa na mbio sana."